Waya Mmoja kutoka Kyaka

Maneno ya Kamati ya Maendeleo katika chakula cha harambee ya mwaka, Nyaishozi

 

Tumeombwa tueleze kwa kifupi kwa nini harambee ya mwaka huu si ya ukumbi. Wengi wenu mmetuuliza hilo kwenye simu, na wengine mmeuliza kwa ukali. Mna haki. Mwaka jana tulisimama hapa hapa tukawaonyesha ramani ya ukumbi, mkapiga makofi, na baadhi yenu mkatoa. Mwaka huu tunakuja na ombi la paneli za jua, betri, friji ya chanjo na pampu ya kisima inayosukumwa kwa mkono. Pampu ya mkono, baada ya miaka yote hii ya kudai umeme! Mzee mmoja wa kamati alicheka tulipoisoma orodha kwa mara ya kwanza. Sasa yeye ndiye anayeitetea kuliko wote. Tutawaeleza tulivyofika hapo, lakini itabidi mtuvumilie, maana tutapita Jinja, tutafika Zanzibar, na tutasimama kidogo kwa tumbili mmoja wa Kenya.

Tuanze na usiku mmoja wa masika. Kituo cha tiba hatutakitaja, kwa sababu hatukuja kumshitaki mtu, na kwa sababu kila aliyeketi hapa anaweza kuweka jina la kituo anachokijua na habari isibadilike. Wawili kati yetu wa kamati tulimsindikiza mke wa jirani yetu aliyeshikwa na uchungu. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa saba mchana, baada ya radi. Tulifika saa tatu usiku, mvua ikinyesha.

Jenereta lilikuwepo. Lilikuwa zima, limefunikwa turubai kwenye kibanda chake, ila halikuwa na mafuta. Mmoja wetu akapanda bodaboda hadi kituo cha mafuta barabarani. Pampu za kituo cha mafuta zinaendeshwa kwa umeme, na jenereta la pale lilikuwa kwa fundi. Akaenda kwa kijana anayeuza petroli kwenye chupa. Kijana alikuwa nayo lita nne, lakini alitaka fedha taslimu, kwa kuwa mtandao ulikuwa umezima; betri za mnara wa simu zilikuwa zimekwisha tangu jioni. Fedha zetu zote zilikuwa ndani ya simu. Petroli ile ilipatikana kwa kuacha saa ya mkononi kama rehani. Kesho yake ilikombolewa, na kijana hakudai riba, tunamshukuru.

Huku chumbani muuguzi alikuwa peke yake na simu yenye tochi, ameishika kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru. Bombani hapakuwa na maji, kwa sababu pampu ya kisima ni ya umeme na tangi lilikuwa limeishia mchana. Ndugu wa mgonjwa walikinga maji ya mvua kwenye beseni, wakayachemsha jikoni kwa kuni. Mashine ya kunyonya uchafu puani na kinywani mwa mtoto ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa safi, haina kazi. Mtoto alizaliwa saa nane kasoro dakika chache. Alilia baada ya muda ambao sisi tuliokuwa barazani tuliuona mrefu mno. Petroli ilifika saa nane na nusu.

Mtoto ni mzima. Mama yake yuko humu ndani jioni hii, na ametupa ruhusa ya kusema haya bila jina lake. Lakini habari haikuishia hapo. Chanjo za watoto zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Asubuhi muuguzi alifungua friji, akasoma kipimajoto, akazitenga chupa na kuandika kwenye daftari. Akina mama waliokuwa wameamka alfajiri na watoto mgongoni wakaambiwa warudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata hawakurudi wote.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani mmoja wetu alisema jambo ambalo ndilo limetuleta hapa. Alisema: zamani, kabla ya nguzo kufika, kituo kile kile kilikuwa na chemli mbili zilizojaa mafuta kila jioni. Kisima kilikuwa na pampu ya mkono. Friji ya chanjo ilikuwa ya mafuta ya taa. Mashine ya kusaga pale senta ilikuwa ya dizeli, ikisikika hadi ng'ambo ya bonde. Fedha zilikuwa mfukoni au chini ya godoro. Usiku kama ule, miaka ile, mama yule angejifungua kwenye mwanga hafifu lakini wa uhakika, na maji yangekuwepo.

Waitu, tusieleweke vibaya. Hatuutamani ukoroboi. Sisi sote tuliosoma kwa kibatari tunajua moshi wake puani, na tunakumbuka nyumba zilizoungua. Umeme umetufikisha mahali ambapo chemli isingetufikisha kamwe. Wakala wa Nishati Vijijini alipokuja, na gharama ya kuunganishiwa kijijini ikawa shilingi 27,000, tuliona nyumba za bati zikiwaka taa hadi kule ambako hata bodaboda inasita. Vijana wanachomelea mageti, mabinti wana saluni, wanafunzi wanajisomea usiku. Tunachosema ni kwamba umeme ulipoingia hatukuuongeza juu ya vile tulivyokuwa navyo. Tulivitupa vile tulivyokuwa navyo. Chemli zimekuwa mapambo, pampu ya mkono iling'olewa vyuma vikauzwa, mashine ya dizeli imeota nyasi. Kila kitu, kimoja baada ya kingine, tumekitundika kwenye waya mmoja. Na hatukuwahi kukaa kikao hata kimoja kuulizana waya huo unatoka wapi.

Basi tuseme unatoka wapi. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1990, sehemu kubwa ya mkoa wetu wa Kagera haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Umeme wetu tumekuwa tukiununua Uganda. Unazaliwa kwenye mitambo ya mto Nile, kuanzia pale Jinja ambapo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, unapita Kampala, unashuka Masaka, unavuka mpaka kwenye njia ya kilovolti 132 hadi kituo cha kupozea umeme cha Kyaka. Kutoka Kyaka ndipo unapanda kwa njia ndogo ya kilovolti 33 kuja milimani kwetu, Karagwe na Kyerwa.

Kuna jambo hapo linalotuchekesha na kutuuma kwa pamoja. Mto unaoingiza maji mengi kuliko mito yote mingine katika Ziwa Victoria ni Kagera wetu. Maji yanayopita Murongo na Kyaka yanaingia ziwani, yanatokea upande wa pili Jinja, yanazungusha mashine, halafu yanarudi kwetu yakiwa ndani ya waya, na tunayalipia.

Wazee wetu hapa hawahitaji somo la kutegemea njia moja. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovunja daraja la Kyaka, eneo lote la kaskazini ya mto lilitengwa na ndugu zao. Daraja lilikuwa moja. Ule mtambo mdogo wa zamani wa umeme pale Kikagati, ng'ambo ya Murongo, nao uliharibiwa katika vita hiyo, na ukakaa miaka zaidi ya 40 kabla ya mtambo mpya wa megawati 14 kujengwa, ambao nchi mbili zimekubaliana kugawana umeme wake nusu kwa nusu.

Mtasema: lakini mambo yanabadilika. Ni kweli, na tunafurahi. Pale Rusumo mtambo wa megawati 80 umekamilika, unagawanywa sawa kati yetu, Rwanda na Burundi. Kuna mradi wa Kakono, megawati 87.8, kwenye mto huu huu wetu. Njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka ndiyo inayokusudiwa kutufunga rasmi kwenye Gridi ya Taifa. Na huko Rufiji kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ambalo mashine yake ya kwanza ilianza kazi Februari 2024. Mjumbe mmoja wa Umoja wetu, mtu tunayemheshimu, alituandikia ujumbe mrefu akisema: subirini gridi, betri zenu zitakuwa kichekesho.

Tulimjibu kwa mfano wa machela, na tunaurudia hapa kwa sababu wengi wenu mmebeba machela. Mgonjwa anabebwa na watu wanne kupandisha mlima. Uzito umegawanyika, wote wanne wanakwenda mwendo mmoja. Mmoja akiteleza, uzito wake unaruka papo hapo kwenye mabega ya watatu. Wakiwa na nguvu ya ziada wanamudu, yule wa nne anainuka, safari inaendelea. Wakiwa wamechoka, wa pili anapiga goti, na hapo machela nzima iko chini. Ndiyo maana siku zote walikwenda watu wanane au kumi, wengine wakitembea kando mikono mitupu, tayari kupokezana.

Gridi ni machela hiyo. Umeme wake hauwekwi ghalani kama kahawa. Unaozalishwa sekunde hii ndio unaotumika sekunde hii. Mitambo yote, iwe Rufiji, Mtera au Kidatu, inazunguka kwa mwendo mmoja, mapigo 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukitoka ghafla, uzito unaruka kwa iliyobaki. Mapigo yakishuka mno, kila mtambo unajiondoa wenyewe usije ukaungua, na kila unaojiondoa unaongeza mzigo kwa wengine. Kwa dakika chache nchi nzima inaweza kuwa gizani bila kitu chochote kikubwa kuharibika. Na kuuinua tena ni kazi ya saa nyingi, kwa sababu mitambo mingi mikubwa inahitaji umeme ili iweze kuwaka.

Haya hatuyatoi vitabuni tu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, Watanzania wakiwa kwenye sikukuu ya Pasaka, hitilafu kwenye Gridi ya Taifa ilizima umeme karibu nchi nzima. Kenya wamezimika nchi nzima mara kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ulikuwa gizani. Na tumbili tuliyewaahidi ni huyu: tarehe 7 Juni 2016 alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikazima, mashine nyingine zikazidiwa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikazimika. Tumbili mwenyewe alipona. Watu wa wanyamapori walimchukua wakamtibu.

Wala si ugonjwa wa nchi maskini. Marekani mwaka 2003, mwezi Agosti, waya uliogusa miti kule Ohio ulianzisha mfuatano uliowaacha watu milioni 50 gizani, hadi New York na ng'ambo ya mpaka Kanada. Miti tu. Tutarudi kwenye miti.

Lakini mfano uliotufundisha zaidi uko ndani ya nchi yetu, nao ni Zanzibar. Kisiwa cha Unguja kilikuwa kinapata umeme kutoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya ulifanya kazi vizuri, na kwa kuwa ulifanya kazi vizuri, mitambo ya zamani ya dizeli pale Saateni iliachwa. Mwezi Mei 2008 umeme ukakatika, ukakaa karibu mwezi mzima. Watu walishtuka, ukarejea, maisha yakaendelea. Halafu Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii hadi Machi 2010. Miezi mitatu.

Mmoja wetu alikuwa anafundisha Mjini Unguja wakati ule. Anasema siku za kwanza watu waliulizana kuhusu taa. Baada ya wiki hakuna aliyezungumzia taa. Kila mtu alizungumzia maji. Maji ya mjini hutoka kwenye visima vyenye pampu za umeme, kwa hiyo mabomba yalikauka, na akina mama na watoto wakawa barabarani na madumu usiku na mchana. Waliokuwa na visima vya kienyeji nyuma ya nyumba, vile vya ndoo na kamba ambavyo watu walikuwa wanavionea haya, ghafla wakawa na foleni mlangoni. Samaki walioza. Wenye hoteli walinunua majenereta, na kelele na moshi vikajaa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Fundi cherehani aliyekuwa ameuza mashine ya kukanyaga kwa miguu akanunua ya umeme, alikaa bila kazi. Jirani yake aliyechelewa na maendeleo alishona sare za shule hadi usiku kwa taa ya mafuta.

Serikali ya Zanzibar ilijifunza kwa gharama kubwa. Majenereta ya akiba yalifungwa Mtoni, na mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100 ukalazwa baharini kwa msaada wa Marekani. Tunachotaka mkione ni kile kisima cha ndoo. Hakikutakiwa kuendesha mji. Kilitakiwa tu kumpa mtu maji ya kunywa hadi mambo yatakaporudi.

Na kuna njia nyingine ya kukosa umeme huku waya ukiwa mzima. Mtakumbuka Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipogoma kwa siku kadhaa nchi nzima. Umeme ulikuwepo kwenye nguzo, fedha zilikuwepo kwenye simu, ila tokeni hazikutoka.

Sasa turudi nyumbani, na kwanza tukiri kosa letu, maana wengine mmelikumbuka kabla hatujalisema. Miaka kadhaa iliyopita tulichangishana paneli za jua kwa shule moja ya kwetu. Tulikata utepe, tukapiga picha, picha zikatoka kwenye kitabu kama hiki. Mwaka wa kwanza taa ziliwaka vizuri. Mwaka wa pili mtu aliunganisha televisheni, kisha pasi, kisha simu za nusu ya kijiji zikawa zinachajiwa pale kila jioni. Betri zile zilitakiwa kuongezwa maji safi kila baada ya muda. Hakuna aliyeambiwa kwamba hiyo ni kazi yake. Mwaka wa tatu zilikufa. Fedha ya kununua nyingine haikuwepo kwenye bajeti ya mtu yeyote, wala yetu. Paneli bado ziko juu ya paa, nzima kabisa, zinaliangalia jua. Kila tunapopita barabara ile tunageuza uso.

Hatukuibiwa wala kudanganywa na yeyote. Tulinunua kifaa, hatukununua matunzo yake. Ndiyo maana safari hii ombi letu lina sura tofauti, na tunaomba mlisikilize kwa makini, kwa sababu sehemu isiyopendeza kwenye picha ndiyo kubwa zaidi.

Kwanza, mfumo wa jua utakuwa wa chumba cha kujifungulia peke yake. Taa nne, mashine ya kunyonya uchafu, na soketi moja ya simu ya muuguzi wa zamu. Hautaungwa na ofisi, wala nyumba za watumishi, wala televisheni ya wagonjwa wa nje. Mafundi watatu walitupa makadirio, na wawili kati yao walitushauri tuongeze ukubwa ili "utumike kwa kila kitu". Tulikataa. Kinachotumika kwa kila kitu kila siku hakitakuwa na nguvu usiku ule kinapohitajika. Umeme wa TANESCO ukiwepo, kituo kitautumia kama kawaida na betri zitajazwa zikae zikisubiri.

Friji ya chanjo tunayoiomba haina betri hata moja. Ni ya aina inayotumia jua la mchana kutengeneza barafu ndani ya kuta zake, na barafu hiyo ndiyo inayolinda chanjo usiku na siku za mawingu. Siku za mvua zetu mnazijua, kwa hiyo tuliuliza sana juu ya hilo, na mtu yeyote mwenye shaka aulize tena.

Pampu ya mkono itafungwa kwenye kisima kilichopo, kando ya pampu ya umeme, si badala yake. Hii ndiyo bei ndogo kuliko zote, na kwa maoni yetu ndiyo ya kwanza kununuliwa hata kama harambee ya leo haitafika popote.

Halafu linakuja lile lisilopigwa picha. Tunaomba kiasi cha fedha kinachokaribia thamani ya vifaa vyenyewe kiwekwe benki, kisiguswe, mpaka betri zitakapohitaji kubadilishwa. Sahihi za kutoa fedha hiyo zitakuwa tatu, na moja itakuwa ya mtu asiye wa kamati. Na tunaomba posho ndogo ya kila mwezi ya mtu mmoja atakayeshika ufunguo wa chumba cha betri, atakayefuta vumbi kwenye paneli, atakayeliwasha jenereta kila Jumamosi dakika kumi na kuhakikisha lina mafuta, na atakayeandika yote hayo kwenye daftari. Tumependekeza awe mkazi wa jirani, siyo mtumishi wa kituo, kwa sababu watumishi huhamishwa. Mtu huyo tutamsoma jina lake hapa kila mwaka, pamoja na daftari lake.

Tunajua fedha ya kukaa benki haichangamshi harambee. Mtu anapenda kusema "lile bati ni langu". Mmoja wenu ametuambia waziwazi kwamba hawezi kutoa shilingi laki tano ikalala. Tumemsikia. Lakini tumeshaona fedha isiyolala inavyoishia juu ya paa la shule.

Kuhusu ukumbi: michango yenu ya mwaka jana ipo yote, taarifa yake mweka hazina ameichapisha katika kurasa za mwisho za kitabu hiki, na haitaguswa kwa jambo hili. Aliyetoa kwa ukumbi ametoa kwa ukumbi. Arusi zetu zitaendelea chini ya maturubai kwa mwaka mmoja zaidi, na rubisi haijawahi kulalamika.

Kuna mchango mwingine hauhitaji fedha. Tumesema tutarudi kwenye miti. Njia ya umeme inayokuja kwetu inapita katikati ya mashamba yetu, na wengi wetu tumepanda mikaratusi hadi chini ya waya kwa sababu ardhi ni haba na nguzo zina bei nzuri. Kila upepo wa Machi mti mmoja unaangukia waya, kata nzima inazima, halafu tunawalaumu mafundi wanaokuja na gari moja kuhudumia vijiji vyote hivi. Kamati imeanza na yenyewe: wajumbe wanne tulikuwa na miti ndani ya mkuza wa umeme, watatu tumekwisha kuikata tukiwa na fundi wa TANESCO, na wa nne anamalizia wiki hii, yuko hapa na anatutazama vibaya. Tunawaomba ninyi mnaoishi mbali mpige simu kwa wanaowaangalizia mashamba. Msiikate wenyewe bila fundi, jamani. Mti ukigusa waya unaua.

Ombi la mwisho ni kwa kila nyumba, na hili ni dogo. Weka fedha taslimu kidogo mahali ambapo mwenzi wako na watoto wakubwa wanapajua, ya kutosha lita tano za petroli na bodaboda ya usiku. Usiache simu ishuke chini ya nusu jioni kama kuna mjamzito nyumbani. Na kama chemli ya bibi bado ipo, ifute vumbi, uitie utambi.

Kadi za ahadi ziko mezani, na makadirio ya mafundi wote watatu yamebanwa ndani ya kila kitabu, pamoja na bei walizokataa kupunguza. Fundi tuliyemchagua amekaa meza ya nyuma karibu na mlango. Amekuja na betri moja na taa nne za aina itakayofungwa, na tumemwomba aziwashe tangu tulipoanza kuzungumza, ili mwone zitafika saa ngapi. Muulizeni lolote kabla ya kuandika ahadi zenu, hasa ninyi mnaotuona tumekosea. Muuguzi wa usiku ule naye yupo, ameketi naye.